Ramani ya Mlipuko: Programu Ipi kwa Swali Lipi?

Mlipuko wa kipindupindu unapoanza katika halmashauri, kikao cha kwanza cha dharura huwa na maswali matatu: wagonjwa ni wangapi, wanatoka wapi, na dawa ya kutibu maji ipelekwe wapi kwanza. Swali la kwanza hujibiwa na rejista ya wagonjwa. Mawili yanayofuata huhitaji ramani, na siku hizi ramani hiyo huchorwa kwa kompyuta. Kwa kuwa dawa, magari na watumishi havitoshi kufika kila kata kwa siku moja, rangi nyekundu inayopakwa kwenye ramani ndiyo huamua gari lielekee upande gani. Ikipakwa mahali pasipostahili, wapo wananchi watakaoendelea kunywa maji yasiyo salama huku msaada ukipita mbali nao.

Programu za kuchora na kuchambua data za mahali zipo nyingi, na kadhaa kati ya zilizo bora hazilipiwi. Hata hivyo, kila moja ilibuniwa kujibu swali lake. Makala haya yanazilinganisha zile zinazotumika zaidi katika afya ya jamii, kwa kutumia mfano mmoja wa halmashauri moja, ili msomaji aone kila programu inaona nini na inaficha nini.

Chimbuko la fani hii

Ramani ya ugonjwa inayojulikana kuliko zote ni ya daktari John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu kwa siku chache katika eneo la Soho, jijini London. Snow aliweka alama kwa kila kifo na kuonyesha kwamba vifo vilikuwa vimelizunguka bomba la maji la mtaa wa Broad Street. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, mpini wa bomba hilo uliondolewa.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba nguvu ya hoja ya Snow haikutokana na vifo pekee. Ilitokana pia na mahali ambapo vifo vilipaswa kuwapo na havikuwapo. Karibu na bomba hilo palikuwa na nyumba ya maskini yenye wakazi 535, na waliokufa humo walikuwa watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani nao walisalimika, kwani hawakuwa wakinywa maji ya bomba hilo. Kwa upande mwingine, mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali kabisa na Soho, alikufa kwa sababu alikuwa akipelekewa maji ya Broad Street nyumbani kwake kwa kuyapenda.

Katika upwa wetu wa Afrika Mashariki, kazi ya namna hiyo ilifanywa na James Christie, tabibu Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar. Kitabu chake kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, kilichochapishwa mwaka 1876, kilifuatilia ugonjwa kwa kuzifuata njia za biashara zilizounganisha bara, pwani na visiwa. Snow alitazama mtaa mmoja. Christie alitazama ukanda mzima. Wote wawili walikuwa wakiuliza swali lile lile ambalo programu za leo huuliza kwa haraka zaidi: je, mahali pana uhusiano na maradhi haya, au ni bahati tu?

Kabla ya programu, data

Hakuna programu inayoweza kurekebisha data iliyokusanywa vibaya. Mambo matatu yanastahili kuangaliwa kabla ya kompyuta kuwashwa.

Kwanza, mahali palipoandikwa ni pa nani? Takwimu nyingi za afya nchini Tanzania na Kenya hupitia mfumo wa DHIS2, ulioendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na mfumo huo una sehemu yake ya kuchora ramani. Ni hatua nzuri ya kuanzia, kwa kuwa haihitaji kuhamisha data. Lakini takwimu za jumla humo huhesabiwa kwa kituo cha tiba. Mgonjwa aliyevuka kata tatu ili kufika kituo cha afya chenye dripu huhesabiwa kituoni, si nyumbani kwake. Ramani ya namna hiyo huonyesha mahali watu walipotibiwa, wala haionyeshi mahali walipoambukizwa.

Pili, latitudo na longitudo zimepimwa kwa mfumo upi? Vifaa vya GPS na simu hutumia mfumo uitwao WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nukta moja ikisomwa kwa mfumo usio wake husogea kwa takriban mita 300. Umbali huo watosha kukihamisha kisima kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Tatu, idadi ya watu iko wapi? Bila idadi ya wakazi wa kila kata, ramani itahesabu wagonjwa tu, na mahali penye watu wengi patang'ara daima, kuwe na mlipuko au kusiwe nao.

Mfano wetu

Tuchukue halmashauri ya kubuni yenye kata 24, wakazi 480,000 na wagonjwa 480 wa kipindupindu. Wastani wake ni mgonjwa 1 kwa kila wakazi 1,000. Tuziangalie kata mbili. Kata ya Mtoni ina wakazi 48,000 na wagonjwa 96, yaani wagonjwa 2 kwa kila wakazi 1,000. Kata ya Kilimani ina wakazi 1,200 na wagonjwa 3, yaani wagonjwa 2.5 kwa kila wakazi 1,000.

Tukipaka rangi kwa idadi ya wagonjwa, Mtoni inakuwa nyekundu. Tukipaka kwa kiwango, Kilimani inaipita. Ramani zote mbili ni za kweli, lakini zinapeleka gari moja katika njia mbili tofauti. Sasa tuchukulie kwamba wagonjwa wawili wa Kilimani ni wa kaya moja, waliougua baada ya kurudi kutoka msibani mahali pengine. Tukiwaondoa hao wawili, kiwango cha Kilimani kinaporomoka hadi takriban 0.8, chini ya wastani wa halmashauri. Tukiondoa wagonjwa wawili Mtoni, kiwango kinabaki 1.96. Kiwango cha Kilimani kimesimama juu ya mguu mmoja. Kile cha Mtoni kimesimama juu ya msingi.

Hilo ndilo fumbo ambalo programu zetu zinapaswa kulifumbua. Tuzipitie moja baada ya nyingine.

QGIS: fundi wa ramani

QGIS ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman. Hailipiwi, hufanya kazi katika kompyuta za mifumo yote mikuu, na ina jumuiya kubwa ya watumiaji. Ubora wake mkuu ni kupanga data kwa matabaka: tabaka la mipaka ya kata, juu yake mito, juu yake visima, juu yake nyumba za wagonjwa. Tabaka lenye mfumo tofauti wa vipimo hutafsiriwa hapo hapo, mradi mfumo wake umeandikwa ipasavyo. Mtumiaji anaweza kuuliza: ni wagonjwa wangapi wanaoishi ndani ya mita 200 kutoka kila kisima? Jibu hupatikana kwa hatua chache. Programu ya simu iitwayo QField huwezesha mhudumu wa afya kukusanya nukta uwandani na kuzirudisha katika ramani ile ile.

Kazi hii si ya nadharia tu. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wananchi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, hadi nyumba na mifereji. Penye mafuriko na vyoo vya shimo, kipindupindu hakiko mbali. Kwa hiyo tabaka la mifereji ni data ya afya vilevile.

Udhaifu wa QGIS unatokana na urembo wake. Humruhusu mtumiaji kuchora kwa urahisi ramani ya joto, ile yenye mawingu ya rangi kutoka njano hadi nyekundu. Wingu hilo huonyesha msongamano wa nukta, na mara nyingi huwa ni msongamano wa watu tu. Katika mfano wetu, Mtoni ingeng'ara hata kama kiwango chake kingekuwa sawa na cha kata nyingine yoyote. QGIS huonyesha, peke yake haithibitishi.

GeoDa: mpelelezi wa ujirani

GeoDa ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kundi la mtaalamu Luc Anselin. Nayo pia ni ya bure, na ni nyepesi kiasi cha kufanya kazi hata katika kompyuta ya kawaida ya ofisi. Imebuniwa kwa ajili ya uchunguzi wa awali: mtumiaji akichagua kundi la nukta kwenye grafu, kata zinazohusika huwaka papo hapo kwenye ramani, na kinyume chake. Tabibu asiye mwanatakwimu hujifunza mengi kuhusu data yake kwa nusu saa ya kuchezea grafu hizo.

Kwa fumbo letu, GeoDa ina dawa mbili. Ya kwanza ni kulainisha viwango. Programu hukivuta kiwango cha kata ndogo kuelekea wastani wa eneo zima, kwa kuwa ushahidi wake ni mdogo, na hukiacha kiwango cha kata kubwa karibu kilivyo. Kilimani inashuka, Mtoni inabaki. Ya pili ni kipimo cha Moran, kilichopewa jina la mwanatakwimu wa Australia, Patrick Moran, aliyekieleza mwaka 1950. Kipimo hicho huuliza kama kata zenye viwango vinavyofanana zimekaa pamoja. Kompyuta huvichanganya viwango vya kata 24 na kuvigawa upya kwa nasibu, tuseme mara 999, kisha hutazama kama mpangilio halisi unatofautiana na ile iliyotokana na bahati.

Kuna tahadhari mbili. Mosi, GeoDa inaweza kuipima kata moja moja na kuonyesha zile zilizozungukwa na zinazofanana nazo. Lakini ukipima kata 24 kwa kigezo cha asilimia 5, tarajia kata moja hivi kuwaka kwa bahati tu. Pili, ni lazima mtumiaji aiambie programu jirani ni nani. Njia ya kawaida ni kuhesabu kata zinazopakana. Katika ukanda wetu njia hiyo ina kasoro ya wazi: kisiwa hakipakani na mtu. Mafia, Ukerewe na Pemba zitaonekana hazina jirani, ilhali boti na mitumbwi huvuka kila siku ikiwa na abiria, samaki na maradhi. Hapo yafaa kuchagua jirani kwa umbali au kwa idadi ya kata zilizo karibu zaidi, na anayejua boti inatia nanga wapi ndiye wa kuamua.

SaTScan: mlinzi wa zamu

SaTScan imejengwa juu ya mbinu iliyochapishwa na Martin Kulldorff mwaka 1997, na hupatikana bila malipo. Haichori ramani za kupendeza. Kazi yake ni moja: kutafuta makundi ya wagonjwa yasiyoelezeka kwa bahati. Huweka duara katikati ya kila kata, hulipanua kidogo kidogo, kwa kawaida hadi lifikie nusu ya watu wote, na kila mara hulinganisha wagonjwa waliomo na wanaotarajiwa kwa idadi ya wakazi. Mwishoni hutaja duara linalotia shaka kuliko yote, pamoja na uwezekano wa duara la namna hiyo kutokea kwa bahati. Kwa kuwa uwezekano huo umehesabiwa kwa msako mzima, tatizo la kupima mara nyingi tulilolitaja hapo juu limekwisha kuzingatiwa.

Kwa mfano wetu, jibu ni wazi. Kilimani ilitarajiwa kuwa na mgonjwa 1.2, imepata 3. Tofauti hiyo hutokea kwa bahati mara nyingi. Mtoni ilitarajiwa kuwa na wagonjwa 48, imepata 96; bahati haiwezi kuelezea hilo.

SaTScan huweza pia kuongeza muda katika msako, hivyo kwamba kila siku data mpya inapoingia, programu inauliza kama kuna kundi linaloibuka sasa. Idara ya afya ya jiji la New York huitumia kwa namna hiyo. Mwaka 2015 uchambuzi wa kila siku uligundua kundi la wagonjwa wa homa ya mapafu ya Legionella katika South Bronx. Mlipuko huo hatimaye ulihusisha wagonjwa 138 na vifo 16, na chanzo kilikuwa mnara wa kupoozea hewa wa jengo moja.

Udhaifu wake ni umbo. Duara hulifaa bomba la maji, lakini mto haufuati duara. Kipindupindu kinachoteremka na mto kinaweza kujumuishwa pamoja na kata za kilimani zisizoyatumia maji hayo. Programu ina chaguo la umbo la yai, nalo husaidia kwa kiasi.

R: mwandishi wa kumbukumbu

R ni lugha ya takwimu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ni huria na ya bure. Kwa vifurushi vyake kama sf na spdep, hufanya karibu kila kinachofanywa na programu zilizotangulia, na zaidi ya hapo hujenga modeli zinazopima kwa pamoja mvua, vyanzo vya maji, umaskini na ujirani.

Faida yake kubwa ni kumbukumbu. Katika programu za kubofya, hatua husahaulika. Mtumishi akihamishwa, maarifa huondoka naye. Katika R kila hatua imeandikwa. Takwimu za wiki mpya zikiingia, maandishi yale yale huendeshwa tena na ramani mpya hutoka, na mkaguzi anaweza kuusoma mstari baada ya mstari kuona rangi nyekundu ilitoka wapi. Gharama yake ni muda wa kujifunza: katikati ya mlipuko si wakati wa kuianza.

ArcGIS: gari la kifahari

ArcGIS ni bidhaa ya kampuni ya Esri ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969. Ni kamilifu: ina ramani, uchambuzi, hifadhi ya data na ramani za mtandaoni mahali pamoja, pamoja na nyaraka nzuri za mafunzo. Hutafuta sehemu za joto kwa kipimo cha Getis na Ord, kinachofanana kwa lengo na vile vya GeoDa. Jambo la kuangalia ni leseni, ambayo hulipiwa. Taasisi inayofikiria kuitumia haina budi kujiuliza nani atalipia leseni ufadhili utakapokwisha, na kama faili zake zinahifadhiwa kwa namna inayosomeka katika programu nyingine.

Kuchagua kwa kuanzia na swali

Mganga mkuu wa wilaya asiulize ni programu ipi iliyo bora. Aulize anataka kuamua nini. Kama anataka kuona visima, njia na nyumba za wagonjwa pamoja, achukue QGIS. Kama anataka kujua kama viwango vya kata zake vina mpangilio, na kuvilainisha kabla ya kuvionyesha kwa wakubwa, achukue GeoDa. Kama anataka kengele ya kumwonya kundi linapoibuka, achukue SaTScan. Kama kazi itarudiwa kila wiki kwa miaka mingi, amwandae mtumishi mmoja au wawili katika R. Programu hizi pia hufanya kazi kwa zamu: SaTScan hutaja kata, QGIS huziweka juu ya mito na visima.

Mambo mawili hayamo katika programu yoyote. La kwanza ni faragha. Nukta moja juu ya paa la nyumba ni sawa na jina, hasa kwa kifua kikuu na Virusi vya UKIMWI. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinataka taarifa za mtu zilindwe. Nukta zibaki kwa timu ya uchunguzi. Ramani inayobandikwa ukutani au kusambazwa katika makundi ya simu iwe ya kata au mtaa, na pale wakazi ni wachache, hata mtaa uunganishwe na mwingine.

La pili ni sababu. Programu inaweza kusema kwa uhakika kwamba Mtoni ina wagonjwa mara mbili ya wanaotarajiwa. Haiwezi kusema kwamba ni kwa sababu bomba limepasuka kando ya mfereji, au kwamba muuza maji mmoja huchota mahali pasipofaa. Wala kiwango cha kata si hali ya kila mkazi wake: ndani ya Mtoni huenda kuna mtaa usio na mgonjwa hata mmoja, na mtaa huo una la kutufundisha, kama ile nyumba ya maskini ya Soho ilivyomfundisha Snow. Vivyo hivyo, wagonjwa watatu wa Kilimani wanastahili tiba na wastahili kutembelewa, hata kama takwimu zimesema ni bahati. Kilichoamuliwa ni gari la dawa ya maji lianzie wapi.

Kwa hiyo ramani ikishatoka kwenye kompyuta, ichapishwe na kupelekwa kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Waulizwe maji ya kunywa hutoka wapi, ni kisima kipi hakimo kwenye ramani, na ni nani anaishi hapa ila hunywa kwingine. Majibu yao yaongezwe kama tabaka jipya, na uchambuzi urudiwe kabla ya gari kuondoka.